Dungusi la Bi Kobe na Maji ya Heshima

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mliokaukwa na koo. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Mwenye kata ya maji mkononi aiweke chini, maana ngano hii ina maji ya kutosha.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama, kikiitwa Bondeni. Wanyama wa Bondeni walikuwa na adabu. Adabu asubuhi, adabu mchana, adabu mpaka inamwagika. Na kweli ilimwagika. Ukienda kwa jirani, unapiga hodi, unakaribishwa, na kabla hujakaa unamwagia mmea wa mlangoni kwake kata moja ya maji. Hayo waliyaita maji ya heshima. Asiyemwaga hakulelewa. Na milangoni mwao ilimea migomba na magimbi, mimea isiyojua kushiba maji. Basi heshima ikastawi, na ndizi zikastawi.

Huko akahamia Bi Kobe, mjane kutoka Nyika, nchi ya mawe na jua. Hakuja na kitanda, hakuja na kinu. Alikuja na chungu mgongoni, na ndani ya chungu dungusi moja, nene, kijani, miiba tele. Mama yake alimpa siku ile aliyokata roho. Alimwambia, "Mwanangu, sina cha kukuachia ila hili. Likiwa hai mlangoni kwako, nami nipo mlangoni kwako. Ukucha kwanza, maji baadaye."

Basi Kobe kila mara alizamisha ukucha mchangani. Ukitoka na unyevu, aliacha. Ukitoka mkavu, alitia maji kidogo. Yakizidi, yalitokea kwenye tundu chini ya chungu, ti, ti, ti.

Siku ya kwanza akaja Chura.

"Hodi, jirani!"

"Karibu, jirani."

"Masikini! Mmea wako umevimba kwa kiu!"

Chura alikuwa bingwa wa kuvimba, kwa hiyo alijua anachosema. Chubwi! Kata moja. Chubwi! Na ya pili, kwa upendo.

Kobe akatoa kichwa aseme. Akakirudisha. Mgeni wa juzi atasemaje?

Siku ya pili akaja Tumbiri, fundi wa Bondeni, fundi hodari asiyengoja kuitwa.

"Bi Kobe! Mama mzima una chungu kinachovuja?"

"Lile tundu, fundi, ni la—"

"Ni la aibu. Nyamaza, majirani watasikia."

Akafinyanga udongo, akaliziba tundu, pa, pa, pa. "Usinishukuru," akasema. Hakushukuriwa. Kisha naye akamwaga kata yake, chubwi, akaenda zake akipiga mluzi.

Kobe akatoa kichwa. Akakirudisha.

Wiki haikwisha, dungusi likageuka njano. Likawa kahawia shinani. Habari zikaenea: Bi Kobe ana mgonjwa! Na Bondeni mgonjwa hutembelewa. Na kila anayemtembelea humwaga. Akaja Bata: "Pole, dada." Chubwi! Akaja Ngiri na mkewe: "Pole sana." Chubwi, chubwi! Kadiri lilivyougua ndivyo walivyokuja, na kadiri walivyokuja ndivyo lilivyougua. Chini likawa laini teketeke. Likaanza kunuka.

"Linanuka kiu," akasema Chura. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Chura akisema habari za maji, nani abishe?

Ndipo akapita msafiri kutoka Nyika, Nungunungu. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi. Hakumwaga hata tone! Bata aliyekuwa mlangoni nusura azimie.

"Shoga," Nungunungu akasema, "nani amemzamisha huyu jamaa yangu?"

"Ni heshima tu," Kobe akanong'ona.

"Heshima ina mkono mzito. Lete kisu."

Akakipitisha kisu motoni. Akakata. Ndani mweusi, uvundo mtupu. Akakata juu zaidi. Bado doa la kahawia. Akakata tena, kacha! Safi, kijani, kama tango. Kikabaki kipande kisichozidi kiganja. Akakiweka juu ya jiwe kivulini.

"Na sasa?" akauliza Kobe.

"Sasa hatufanyi kitu."

Dawa hiyo Bondeni hawajapata kuisikia.

"Siku kumi kidonda kikauke, kishike ganda. Ukikipanda kibichi, umekizika. Ule udongo katupe mbali. Chungu kisugue, kikauke juani. Weka kokoto, mchanga mwingi, udongo kidogo. Kikishapandwa, usikitie maji mpaka kitoe mizizi." Akachukua kijiti, akazibua tundu, pop!

"Ukiondoka, nani atakilinda?"

"Una mdomo, shoga. Au uliuleta Bondeni kuuhifadhi?"

Akaenda zake.

Siku kumi zikapita. Kobe akakipanda kipande chake. Kilikuwa kifupi, kwenye ukingo wa chungu ilifika miiba yake tu. Ndiyo kwanza anafuta makucha, akasikia kishindo, du, du, du. Jumbe Kiboko, mkuu wa Bondeni! Nyuma yake kijiji kizima, na Ngiri wawili wamebeba mtungi.

"Bi Kobe, nimechelewa kukupa pole," Kiboko akanguruma. "Wengine hutoa kata. Jumbe hutoa mtungi."

"Hoyee!" wakashangilia.

Na kukataa maji ya jumbe, wenzangu, kulikuwa ni kufungasha na kuhama.

Kobe akatoa kichwa. Akakitazama kipande cha mama yake. Safari hii hakukirudisha.

"Hapana, Jumbe."

"Hapana nini?"

"Hapana maji. Maji yenu ndiyo yaliyoliozesha dungusi. Nyinyi hamkuuliza, na mimi sikusema."

Tumbiri akanong'ona, "Anaweweseka, masikini. Kiu hiyo."

Lakini mtungi ulikuwa umeshainama, na Bondeni maji ya heshima hayarudi nyuma. Kobe akakimbia. Msicheke! Alikimbia mbio za kobe, na bahati chungu kilikuwa hatua mbili. Akapanda juu ya chungu, akajilaza kama kifuniko. Miiba ikagonga gamba la tumbo, ka, ka. Akaingiza kichwa ndani, sasa kwa kazi maalumu.

Pwaaa! Maji yakapiga gamba, yakateleza kushoto, yakateleza kulia, yakaenda kuyanywesha magimbi ya jirani. Chunguni halikuingia hata tone.

Kiboko akauchungulia mtungi. "Nimemwaga au sijamwaga?"

"Umemwaga, Jumbe," ikatoka sauti ndani ya gamba. "Nami nimepokea. Mgongo wangu umeheshimika sana."

Kiboko akawaza. Akawaza sana, kama wakubwa wanavyowaza jambo dogo. "Basi desturi imetimia."

"Imetimia!" wakaitikia wote, maana walikuwa tayari kuitikia lolote.

Mvua ikapita, kiangazi kikapita. Kipande kikatoa mizizi, kikanenepa. Asubuhi moja Kobe akakuta ua jeupe mlangoni. Akatoa kichwa chote, akasema, "Karibu, mama."

"Limechanua!" Chura akapiga kelele, kata mkononi. "Tulimwagie pongezi!"

"Mgongo huu hapa, jirani," akasema Kobe.

Ndiyo maana mpaka leo ukimmwagia kobe maji huingiza kichwa ndani. Anakupokea heshima zako.

Nanyi shikeni hili: anayetoa aulize kwanza, na anayepewa aseme. Wema usiouliza huozesha mizizi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kata zenu hizo, rudini nazo, na njiani msimmwagie mtu.