Jina la Mjukuu wa Nyamizi

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ambayo baadhi yetu tuliiona, katika kijiji cha Ngulumo, Unyamwezi, aliishi mjane aliyeitwa Nyamizi binti Kapaya. Alianza kusahau. Alisahau chumvi, akasahau njia ya kisimani, akamsahau hata Mihambo, mwanawe wa pekee. Asubuhi moja alikutwa akifagia ua wa watu, akizungumza peke yake. Katika nyumba ile mlikuwa na mtoto mgonjwa. Mwenye nyumba akasema, "Mchawi ndiye huyu." Watu wakaja na marungu.

Semkiwa, Mzigua fundi baiskeli, alipita katikati yao akaketi chini kando ya yule bibi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani hapigwi wala hakasirikiwi.

"Huyu mtumwa wangu," alisema. "Anayetaka kumpiga aanze na mimi. Na ninyi Wanyamwezi, mchawi awaroge apate nini? Akili zenyewe hamna."

Mmoja akacheka, kisha wa pili. Marungu yakashuka.

Lakini kicheko hakidumu, na minong'ono ikarudi. Mihambo akampeleka mama yake Tabora kwa Daktari Nakiete Msuya, mtafiti wa maradhi ya usahaulifu. Nakiete alimpima damu, kisha akaja Ngulumo mwenyewe.

"Damu yake inaonyesha kuwa ubongo unanyauka," aliwaambia wanakijiji. "Ni ugonjwa, kama figo zinavyougua. Dawa ya kumponya bado tunaitafuta. Uchawi hapa hamna."

"Umejuaje kwa damu tu?" aliuliza mwenye nyumba.

"Kwa sababu ya Luhende."

Luhende wa kijiji jirani aliugua vivyo hivyo. Kabla akili haijamtoka, alimwagiza mkewe, Kabula, "Nikifa, madaktari wafungue kichwa changu watazame." Kabula alitimiza. Ndugu wa mume wakaacha kumsalimu, kwa kuwa alizika mtu pungufu. Ndani ya ubongo ule Nakiete alikuta jambo lile lile ambalo damu ya Luhende ilimdokezea alipompima akiwa hai, na damu ya Nyamizi ilionyesha vivyo hivyo.

Tangu hapo Nyamizi akipotea, watu walimshika mkono: "Twende nyumbani, mama."

Mihambo akapata binti. Kwao jina hutolewa na bibi, na bibi hakuweza tena. Mihambo akawaita Semkiwa, Nakiete na Kabula, akasema, "Aliyeniokolea mama yangu ndiye atakayempa mwanangu jina."

"Basi ni mimi," alisema Semkiwa. "Bila mimi daktari angekuta kaburi. Angepima damu ya nani?"

"Wewe, ndugu yangu, uliwazuia asubuhi moja," alisema Nakiete. "Mimi niliwaondolea hofu ambayo ingewarudisha."

Kabula naye akasema, "Mimi namsemea Luhende. Bila ubongo wake, damu ya Nyamizi ingekuwa damu tu. Na wenyewe mnajua nani hanisalimu hadi leo."

Nyamizi alikuwa amempakata mtoto. Aliwatazama wote watatu asimjue hata mmoja. "Karibuni, wageni," alisema. "Asanteni kwa kuja."

Mihambo akawashukuru wote watatu, asiweze kuchagua. Haya, ninyi mlionisikiliza, mtoto hana jina bado: je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kumpa?