Isale la Mikono Miwili

"Kovu langu lina hadithi, kovu lako lina sababu." Mmeisikia asubuhi hii kwa mama muuza ndizi, mmecheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Uchagani kulikuwa na vijiji viwili, Kiwari na Mshingo, na kati yao kigongo chenye nyasi tamu mno. Wenyewe wanaapa kwamba ng'ombe aliyezila alikamuliwa siagi. Mpaka ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, kama ilivyo desturi ya kule. Watu wa Kiwari walisema: babu zetu walipokuwa msibani, Mshingo waliyang'oa masale wakayasogeza juu. Watu wa Mshingo nao walisema: babu zetu ndio waliokuwa msibani, na Kiwari ndio walioyasogeza chini. Ukiwasikiliza wote, masale yale yalitembea kuliko mchuuzi wa chumvi.

Ndekusara alizaliwa Mshingo akaolewa Kiwari. Baba yake, Mzee Kisanga, alikuwa na kovu refu mguuni. Baba mkwe wake, Mzee Lyakurwa, alikuwa na lake kwenye paji la uso. Yote mawili yalipatikana kigongoni, katika vurugu moja. Utotoni Ndekusara alikariri kisa cha mguu; ukweni akapewa kisa cha paji. Alipowauliza Mshingo juu ya paji, walimjibu, "Alijitakia." Alipowauliza Kiwari juu ya mguu, jibu likawa lilelile.

Mwaka huo mvua ziliwahi, na kila kijiji kikaapa kulima kigongo asubuhi ileile. Mumewe alinoa panga. Ng'ambo, alijua, kaka yake ananoa lake. Ndekusara alilitazama jiwe la kunolea akajiona mjane na mfiwa kwa mpigo.

Sasa sikilizeni. Kule isale si mpaka tu. Mkosaji akikuletea jani lake, huwezi kumnyima msamaha, hata angekuwa ameua. Taabu ni kwamba anayelileta ndiye aliyekubali kosa. Kwa hiyo vizazi na vizazi kila kijiji kilikaa kikingoja isale la mwenzake, huku mmea wenyewe ukiwaotea miguuni.

Kulipokucha, wanaume walisimama pande mbili za mstari. Wazee wakatangulia mbele, kwani ilikuwa lazima madai yasemwe kabla ya mapanga kuinuliwa. Ndekusara akapita katikati yao, mtoto mgongoni.

"Mwanangu, rudi nyumbani," alisema Mzee Lyakurwa.

"Nitarudi, baba. Niachie kwanza nikusemee kisa, maana sauti imekukauka."

Mzee akaridhia. Ndekusara akasimulia habari za kijana aliyepanda kigongoni kumtafuta ndama, mkononi ana kamba tu. Akazungukwa, akapigwa, akalazwa matopeni, na mama yake akamkanda kwa maji moto akilia. Kiwari nzima ilitikisa vichwa kukubali. Mzee Lyakurwa akafuta macho.

"Ndivyo ilivyokuwa. Neno kwa neno."

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

"Basi, baba, hicho ni kisa cha mguu wa baba yangu. Ndivyo nilivyosimuliwa Mshingo."

Upande wa Mshingo ukaangua kicheko. Mzee Kisanga akavuta shuka kwa maringo. "Mnaona wenyewe."

"Na wewe baba, usifurahi mapema. Paji la huyu mzee je?"

"Huyo alijitakia. Alifuata nini kwetu?"

"Anasema alimtafuta ndama."

"Siku hiyo ndama walikuwa wengi kuliko watu," mtu akasema nyuma, na sasa pande zote zikacheka.

Ndekusara hakucheka. "Kovu langu lina hadithi, kovu lako lina sababu. Ndiyo lugha yenu, wazee wangu, nyote wawili."

Akatoa majani mawili ya isale ndani ya shuka lake, akanyoosha mikono yote kwa pamoja. "Baba mkwe, hili latoka nyumba ya baba yangu. Baba, na hili latoka nyumba ya mume wangu."

"Nani kakutuma?" aliuliza Mzee Kisanga.

"Huyu mgongoni. Yeye ni wa nyumba zote mbili."

Nani angekataa isale mbele ya mjukuu wake? Kila mzee aliuona mkono uliomwelekea yeye tu, akapokea kama mshindi. Vigelegele vikapasua ukungu. Wanaume wakatupa mapanga wakashika majembe, na kigongo chote kililimwa kabla jua halijafika utosini. Pombe ya mbege iliyonywewa siku ile, wanasema, mto wa jirani uliona haya. Mume na kaka walimbeba Ndekusara begani, huyu bega hili, yule lile.

Hadi leo, ukifika Kiwari utaambiwa Mshingo ndio waliotangulia kuomba msamaha. Vuka kigongo, utaambiwa ni Kiwari. Hawapigani tena kwa hilo; hubishana wakipokezana kata ya mbege. Na anayezidisha ubishi hupewa kata ajaze mdomo, kisha wote humwimbia: kovu langu lina hadithi, kovu lako lina sababu.