Mlango wa Kisima cha Kirore

Hapo zamani, mwaka ambao mbuzi walilamba mawe wakitafuta umande, kijiji cha Kirore kilibaki na kisima kimoja. Kilikuwa shimo refu lenye kuta za mchanga, na mtu aliteremka kwa ngazi ya kamba. Akiwa mmoja, kuta zilivumilia. Wakiwa wawili, kuta ziliporomoka.

Basi wakakijengea kibanda chenye mlango mmoja. Ukiingia, unatia komeo kwa ndani. Ukitoka, unauacha wazi. Hakuna aliyegusa kisima ila kwa kupitia mlango ule. Na ukiwa shimoni husemi neno, maana hata sauti huangusha mchanga.

Asubuhi moja akaingia Nakunda. Akatia komeo, akateremka, akajaza kibuyu. Mara mchanga wa ukuta ukanong'ona: shaa... shaa... Akajibanza chini, kibuyu kifuani, hathubutu kupanda, hathubutu kuita.

Nje, foleni ikarefuka.

"Kwani kaolewa humo?" wanawake wakacheka. Kisha hawakucheka tena.

Jua likapanda. Mmoja mmoja wakaenda kutafuta kivuli. Akabaki Namsemba, mke wa kaka yake Nakunda, na mwanawe mgongoni, ana homa, midomo imepasuka.

"Wifi, fungua! Wifi, mtoto ananifia!"

Komeo halikusogea.

Akapita Kiondo, fundi aliyejenga kibanda. Huyu alijiachia tundu nyuma, chini ya nyasi za paa, ili atengeneze ngazi bila kusubiri foleni. Hakumwambia mtu, lakini Namsemba aliwahi kumwona akipenya.

"Fundi, pita kwako kule nyuma, uniletee maji."

"Kuna mtu ndani?"

Namsemba akamtazama mwanawe. "Hamna. Komeo limejiangukia lenyewe."

Kiondo akapenya, akashika kamba, akateremka. Chini, Nakunda akaona miguu juu ya kichwa chake, akasahau mwiko, akapiga kelele. Ukuta ukashuka. Kiondo akamvuta mkono, wakatoka wakitema mchanga. Kibuyu kikabaki chini. Maji yakabaki chini.

Na sheria ya Kirore ni hii: aliyekiua kisima ndiye anayeingia wa kwanza kukifukua, mchanga ukiwa bado unaanguka. Wengi walioingia hivyo hawakutoka.

"Si mimi," Nakunda akasema. "Zamu ilikuwa yangu. Nilitia komeo kama tunavyotia sote. Kuogopa nako ni kosa?"

"Zamu gani ya kukaa mpaka jua la utosi?" Namsemba akamkata. "Mimi kisimani sikukanyaga, wifi. Nilisema neno tu, na nililisema kwa ajili ya huyu mgongoni."

"Neno lako ndilo lililonishusha!" Kiondo akafoka. "Mimi niliuliza. Ningejua kuna mtu, nisingeshika kamba."

"Na lile tundu, fundi, ulimuuliza nani?" Namsemba akamrudishia.

"Kupitia tundu hilo nimetengeneza ngazi mnayoteremkia ninyi nyote!"

Wanakijiji wakarudi na kamba mpya ya kuteremkia, ikawekwa chini katikati ya hao watatu. Mtoto hakulia tena. Alikuwa akilamba jasho la shingo ya mama yake. Watatu wakaitazama kamba, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Ninyi mnaosikiliza, semeni upesi, mtoto hana muda: je, nani alistahili kuishika?