Mwosha Maiti Aliyeitwa Kabla ya Wakati

Imepokewa kutoka kwa wasimulizi wa kale kwamba katika mji mmoja wenye mitende mingi aliishi mcha Mungu aitwaye Bi Muzne, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaosha wanawake waliofariki. Aliifanya kwa ajili ya Allah, bila ujira. Watu walimheshimu mno, ila kwa mbali: wanawake walimsalimia huku wameficha mikono ndani ya mitandio, na chakula kilichopikwa kwake hakikuliwa na mtu.

Sikukuu moja alipika bokoboko la ngano na nyama akampelekea jirani yake, Bi Ghanima, mwanamke msafi kupita kiasi, aliyefua hata kamba ya kuanikia nguo. Bakuli likarudi limejaa vilevile. Bi Muzne, Allah amrehemu, alikuwa binadamu kama mimi na wewe; akalia. Akamwendea imamu, akamwomba atafute mwosha mwingine.

"Nitatafuta," akasema imamu. "Lakini ukiitwa kabla hajapatikana, je?"

"Nitaitika mara moja tu, kisha basi."

Haikupita wiki, binti mkubwa wa Bi Ghanima akabisha hodi, macho mekundu. "Ni mama. Njoo, Bi Muzne," akasema, akaangua kilio.

Bi Muzne hakuuliza. Nyumba ikimtuma mtu kwake, sababu hujulikana. Akachukua pamba, karafuu maiti na majani ya mkunazi, akatoka. Njiani moyo ukamnong'oneza kwamba leo Bi Ghanima hawezi kuikimbia mikono ya mwosha maiti. Akaona haya kwa wazo hilo, akaomba maghufira.

Alipoingia chumbani alimkuta marehemu ameketi kitandani, ameegemea mto, anamtazama.

"Dada, umeniwahi," akasema Bi Ghanima. "Hebu iweke mbali hiyo karafuu maiti, yanitia hofu."

Bi Muzne alitamani ardhi immeze. Kisha wote wawili wakacheka mpaka yule binti akachungulia mlangoni.

Kicheko kilipoisha, Bi Ghanima akafunua shuka. Mguu wake ulikuwa na donda lililooza, na harufu yake ikajaa chumba. Alilificha miaka miwili. Hata bintiye alilionyeshwa asubuhi ile tu.

"Naogopa atakayeniosha atanitangaza," akasema. "Basi nimewakumbuka wote uliowaosha, mama yangu akiwemo. Sijapata kusikia aibu ya yeyote kutoka kinywani mwako. Niahidi utaniosha wewe."

 Bi Muzne alikumbuka neno lake kwa imamu, "mara moja tu", akaona jinsi lilivyokuwa dogo.

"Nitakuosha," akasema. "Ila kwa nini tungoje ufe?"

Akaagiza maji ya uvuguvugu, akayavuruga kwa majani ya mkunazi aliyomletea maiti, akapiga magoti akaliosha lile donda taratibu. Bi Ghanima akaanza kulia.

"Umeumia, dada?"

"La. Sikujua kuwa mikono yako ina joto."

Basi akawa anakwenda kila asubuhi, kwa furaha ambayo hajaionja tangu ujana wake, na habari ya mwosha mwingine hakumuuliza tena imamu.

Ndugu zangu, wengi wetu tungependa tupendwe kwanza ndipo tutumikie. Mja huyu aliitwa akiwa na kinyongo, akaitika hivyo hivyo, na Mola wake akamwekea furaha pale pale magotini. Allah atujaalie na sisi tuwe wepesi wa kuitika.