Funguo za Ghala la Ushirika

Mjane mmoja aitwaye Atija alikuwa na kisasi moyoni. Aliishi katika shamba la ushirika, enzi zile nchi nzima ilipokuwa na Chama kimoja, na Chama hakikuulizwa neno. Funguo za ghala alizishika Ndugu Likwama. Aliyemsifu alikula, aliyenung'unika alishinda njaa. Mume wa Atija aliuliza mkutanoni mahindi yanakwenda wapi. Akachukuliwa, akafia kifungoni.

Kisha mambo yakageuka. Likaja tangazo kutoka mji mkuu kwamba vyama vingi sasa ni ruhusa, na kila shamba litajichagulia msimamizi wake kwa kura ya siri. Sualehe, fundi wa matrekta, akajitokeza kushindana na Likwama. Likwama akapita mlango kwa mlango akiwakumbusha watu, kwa upole, kwamba masika yamekaribia na mbegu zote zimo ghalani. Atija alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza mlangoni. Siku ya kura aliingia nyuma ya pazia, akamchagua Sualehe. Wengi walifanya vivyo hivyo. Likwama akakabidhi funguo mbele ya watu, akaenda zake bila kuinua macho.

Juma lililofuata mbegu zikagawiwa. Watu walipanga foleni, Sualehe akasimama mlangoni. Ilipofika zamu ya Muanasha, mkwe wa Likwama, mtoto mgongoni, Sualehe aliusukuma kando mfuko wake. Akasema ukoo wa Likwama umekwisha kula vya kutosha. Sasa nao waonje njaa. Baadhi ya watu wakacheka. Atija, aliyekuwa nyuma ya Muanasha, akasikia moyo wake ukitua. Hicho ndicho alichokingoja miaka yote. Lakini akamwona Muanasha akiukunja mfuko mtupu polepole, asimtazame mtu, kama yeye mwenyewe alivyoukunja wake mwaka ule wa msiba. Furaha ikamgeukia shubiri.

Alijua kwamba akisema neno, huenda naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Alijua wangemwita kibaraka wa Likwama, yeye, mjane wa mtu yule. Akatoka kwenye foleni, akasimama mbele ya Sualehe.

"Mwanangu," akamwambia, "tulikupa funguo. Hatukukupa ghala."

Sualehe akakunja uso, akamtaka arudi nyuma. Hakurudi. Sualehe akawatazama watu, akitafuta anayecheka; hakumwona. Mzee mmoja akauweka mfuko wake chini, akaja kusimama kando ya Atija. Mwingine akafuata, kisha mwingine, hata hapakubaki wa kupokea mbegu. Mwishowe Sualehe akamwita Muanasha, akampimia sawa na wengine.

Basi nawauliza ninyi mnaonisikiliza: watu wa shamba lile walipiga kura siku ipi hasa, ile ya pazia au ile ya foleni?