Binti Aliyekwenda Shule Jumamosi

Wapendwa, kabla hamjaanza kusinzia, nisikilizeni. Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi kule milimani, aliyekuwa na binti wa darasa la sita. Binti huyo shule hakuitaka hata kuisikia. Jumatatu kuna hesabu za desimali, tumbo linamuuma. Jumanne kichwa. Jumatano anaaga vizuri, kisha anaishia kwa jirani kucheza na watoto wa mbuzi. Mnacheka? Wengine mnao wa namna hiyo nyumbani!

Mama yule aliumia kwelikweli. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na alishaapa kwamba mwanawe atamaliza. Akajaribu fimbo; binti akaenda siku mbili. Akamnunulia viatu vipya; akaenda wiki moja. Mwisho mama akachoka, akasema, "Basi, mwezi huu ukiisha namwachisha, tukalime wote."

Mara tumbo likaacha kuuma. Wiki mbili nzima binti anaamka mwenyewe! Mama hakuuliza kitu, aliogopa kuharibu.

Jumamosi moja mvua kubwa ikanyesha. Mama anaamka, kitanda cha binti kitupu. Mungu wangu, mtoto katoroka! Akajitupia kanga kichwani, akakamata fimbo, akatoka mbio. Jirani akamwambia, "Nimemwona akielekea shuleni." Shuleni, Jumamosi? Nani angeamini?

Kufika getini akakuta wakulima watatu wamebanana chini ya mwavuli mmoja, na binti yake amechuchumaa uwanjani mbele ya kipimo cha mvua.

"We mtoto, una wazimu? Hujui leo Jumamosi?"

"Mama, mvua haijui Jumamosi! Mwalimu mpya kanipa kazi ya kuipima. Saa tatu kamili nasoma, naandika ubaoni hapo getini, watu wajue kama wapande."

"Kakuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu. Lakini nisipokuja, nani atajua imenyesha kiasi gani?"

Mkulima mmoja akakohoa. "Mama, shikamoo. Tunaomba umwache asome kipimo. Tunalowa."

Fimbo ikamponyoka mama mkononi. Akasimama pale akimtazama binti akijumlisha mvua ya wiki nzima kwa desimali, desimali zile zile zilizokuwa zikimuumiza tumbo. Akacheka mpaka akalia.

Sasa wapendwa, sisi tunawaambiaje watoto wetu? "Soma, itakusaidia baadaye." Baadaye lini? Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, baadaye ni mbali kuliko Ulaya! Tunampa fimbo, tunampa viatu, tunamwahidi baiskeli. Nani kati yetu amewahi kumwambia, "Mwanangu, leo tunakuhitaji, nisomee hiki, nipigie hesabu hii, nieleze ulichofundishwa"? Yule binti hakubadilishiwa shule wala akili. Alipata watu wanaomngoja.

Na msidhani nasema habari za shule peke yake. Kila kikao cha wazee tunalalamika kwamba vijana wamelikimbia kanisa. Jamani, walikuwa na kazi gani humu? Tuliwapa benchi la nyuma, tukawaambia wanyamaze. Na mimi mchungaji wenu nimo, sijitoi.

Kwa hiyo Jumapili ijayo neno la Mungu litasomwa hapa mbele na mtoto wa darasa la sita. Wazee, msininunie. Akikwama kwenye neno gumu, tutakaa kimya wote, tumngoje mpaka alitamke.