Neno Lililozimika Mdomoni mwa Bi Mwanamkuu

Ukiongeza mdomo, pima chungu.

Mmeisikia asubuhi hii kwa Bi Rukia, alipomkemea mwanawe aliyetaka kuchomeka friji ya pili kwenye waya ule ule unaobeba ya kwanza, mkaja mbio kuniuliza imetoka kwa wahenga gani. Haikutoka kwa wahenga, wajukuu zangu. Baadhi yenu mmeizidi umri. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Soni, msimu ambao ukungu ulilala juu ya mji siku tisa bila kuinuka.

Hidaya Kihiyo alikuwa na studio ya picha jirani na stendi. Miaka ile Soni nzima ilikuwa na kompyuta mbili: ya kwake, na nyingine kuukuu zaidi ofisini kwa mtendaji, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kufuga vumbi. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa na siku thelathini na sita kaburini. Walikuwa wameachana bila kusemezana. Hidaya alipoacha ualimu na kufungua studio, mama aliapa, "Mlango wako huo sitaukanyaga," na kweli hakuukanyaga mpaka anazikwa.

Kilichobaki ni filamu moja fupi. Binamu wa Hidaya aliipiga siku dada yake Hidaya alipoposwa, wakati mama na binti wamekwisha nuniana, akaihifadhi kwenye diski ya kompyuta ya Hidaya, akaifuta kwenye kamera. Kompyuta haikuiweza. Ilionyesha picha moja iliyoganda, ukungu mtupu uani, bila sauti wala mwendo. Hidaya hakujali, mpaka baada ya mazishi binamu alipompigia simu.

"Dada, mle mwishoni shangazi anakutaja jina. Ana neno anakuambia. Wewe ulikuwa jikoni, unapika."

"Neno gani?"

"Wallahi silikumbuki. Ila alikuwa amekaza uso."

Tangu hapo Hidaya hakupata usingizi wa maana. Arobaini ilikuwa inakaribia, ukoo wote utakuja, naye atasimama mbele yao bila kujua kama mama alimwachia radhi au laana.

Akashuka Tanga kununua kadi ya picha, kibao cha kuisaidia kompyuta kucheza filamu. "Hii ina nguvu, dada," muuzaji alimwambia. "Nguvu mara nne ya uliyonayo." Hidaya alirudi na furaha mbili. Ya kwanza, filamu itaonekana. Ya pili, lile sanduku la umeme linaloilisha kompyuta, la wati mia mbili, lililochoka kama punda wa kokoto, sasa limepata msaidizi mwenye nguvu. Hapo ndipo kosa lilipolala, lishikeni. Kadi ilidai waya wake wa umeme, na wa akiba haukuwepo, kwa hiyo akaugawa waya wa diski, viwili vikanywea mrija mmoja.

Filamu ikafunguka. Ukungu uliokuwa umeganda ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole, na Hidaya akauona mwingine kama huo ukiingia kwa mlango wa studio, hata hakujua upi uko ndani na upi uko nje. Kikohozi kikasikika. Katikati ya weupe ule likatokea doa, doa likawa kanga, kanga ikawa Bi Mwanamkuu, anakuja moja kwa moja kama anayetoka ndani ya kioo. Akasimama. Akainua macho. Midomo ikafunguka.

"Hida..."

Giza. Kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule ukabaki uso ukimtazama. Hidaya alipiga yowe kabla hajatambua kwamba ni uso wake mwenyewe. Hakuwa amewahi kujua kwamba amefanana na mama yake kiasi kile.

Akaiwasha tena. Ukungu, kikohozi, kanga, macho. "Hida..." Giza. Mara ya tatu vivyo hivyo, na safari hii ikaja harufu, nyembamba, kama nywele zilizoguswa na moto. Ukungu ulicheza vizuri kila mara, hata nusu saa ukiurudia. Mama akitokea tu, mashine inakata roho.

Mama mdogo Zaina, mdogo wa marehemu, aliitwa aje ashuhudie. Alisimama kizingitini na chetezo cha ubani mkononi. Ilipozima mara ya sita alirudi nyuma hatua tatu.

"Aliapa hatakanyaga humu," alisema. "Na wewe unamvuta kwa nyaya! Mwache dada yangu."

"Mama mdogo, anataka kuniambia kitu."

"Angetaka angesema. Huoni anavyofunga mlango?"

Habari ikatambaa mjini upesi kuliko ukungu wenyewe. Waliokuwa na picha zao za pasipoti hawakuja kuzichukua. Hidaya alijaribu mara ya saba peke yake, akiomba radhi kwa sauti huku mama akimjia, na bado ikazima. Diski ikatoa mlio mkavu, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga ubao kutoka ndani.

Kesho yake ndiyo arobaini. Akamwita Mzee Shemweta, fundi wa redio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mzimu wenyewe uko wapi? Nimeambiwa nije na Kurani, nimekuja na bisibisi."

Akafungua ubavu wa kompyuta, akanusa. Akaweka kiganja juu ya sanduku la umeme, akakiondoa haraka.

"Hii kadi umeiweka lini?"

"Juzi. Ina nguvu sana, baba. Nilijua italisaidia sanduku."

"Ina nguvu." Mzee aliyarudia maneno yale kama anayetafuna mchanga. "Ng'ombe wa maksai naye ana nguvu. Anakuletea majani, au anakula yako?"

Hidaya akainama kulichungulia sanduku.

"Ukungu ni picha nyepesi, mwanangu, haubadiliki. Kadi inasinzia. Mama yako akitokea na kanga ya madoa, na migomba nyuma yake inatikisika, kadi inaamka na kuanza kula. Sanduku halina cha kuipa, linazima. Imezima mara ngapi?"

"Saba. Ya mwisho diski imegonga."

"Na diski umeifunga kwenye waya huo huo." Alikunja uso. "Ya nane ingeiua diski, na mama yako angeondoka nayo moja kwa moja. Hapo usingemzika tena, usingekuwa na cha kuzika."

Sanduku jipya lingepatikana Tanga, lakini barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu jana yake. Basi Mzee Shemweta akaanza kuondoa walaji. Akachomoa kisoma CD na waya wake akaipa kadi, akachomoa diski ya pili, akang'oa feni ya mapambo yenye taa. Kisha akamwambia Hidaya aipunguze kasi kadi mpaka nusu.

"Bismillahi," alisema. "Diski ikigonga tena, chomoa waya."

Mama mdogo Zaina alikuwa amerudi kizingitini, mtandio mdomoni. Ukungu ukatambaa. Kikohozi. Doa, kanga, macho. Feni ya sanduku ikalia kama mtoto mgonjwa. Midomo ikafunguka, na Hidaya akashika waya, tayari kuchomoa.

"Hidaya!" Sauti ya marehemu ikajaa chumbani. "Hidaya mwanangu, midomo imeongezeka huku! Umepima chungu?"

Akangoja jibu, akitazama upande wa jikoni. Halikuja. Akatikisa kichwa, akageuka, ukungu ukammeza.

Mzee Shemweta, ambaye hakuamini mizimu, aliweka bisibisi chini taratibu na kujifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mwanangu," Hidaya alinong'ona. "Ameniita mwanangu. Alinisemesha, ni mimi ambaye sikuitika."

"Na wali haukutosha siku ile!" Mama mdogo Zaina alipasuka, machozi na kicheko pamoja. "Wakwe walilamba sahani! Kumbe uliulizwa!"

Arobaini ilipofika, Hidaya alisimama mbele ya ukoo na kuwarudishia neno la mama yake kama alivyolisikia, akaeleza kuwa kadi nayo ilikuwa mdomo, na sanduku chungu. Tangu siku ile, Soni hawaulizi kwanza kitu kipya kina nguvu kiasi gani. Wanauliza kinakula kiasi gani, na nani atakilisha. Kwa hiyo Bi Rukia hakuwa anamtukana mwanawe, wajukuu zangu. Alikuwa anamrudishia swali la mwanamke aliyetoka ukunguni:

Ukiongeza mdomo, pima chungu.